Siku 45

Saa mbili asubuhi, matatu za barabara ya Thika zinapofika steji ya Mugutha, karibu na Ruiru, wengi hupanda na wachache hushuka. Wanaoshuka wametoka zamu ya usiku, na miongoni mwao wamo wauguzi. Utawajua kwa saa ndogo iliyoning'inia kifuani, imegeuzwa juu chini ili mwenyewe aisome kwa kuinamisha kichwa tu, mikono ikiendelea na kazi. Majirani wakienda kazini, wao wanarudi nyumbani. Kabla ya kulala, wapo wanaofungua kompyuta na kujibu maswali 50 ya mazoezi. Mtihani wenyewe wa leseni wameshaufanya mara moja, wengine mara mbili, wengine mara tatu. Wanajiandaa kuurudia.

Si ajabu kuwakuta huku. Ukitoka Chuo Kikuu cha Kenyatta, upite Ruiru, ufike Juja kwenye Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, kisha uingie Thika kwenye Chuo Kikuu cha Mount Kenya na tawi la Chuo cha Mafunzo ya Udaktari, KMTC, utakuwa umepita vyuo vinne vinavyofundisha uuguzi ndani ya kipande kifupi cha barabara moja. Kati yavyo ndiko ziliko ploti za kupanga, na ndiko wanakosomea wanaosubiri leseni. Wanachokipitia ni kipya kwa sura tu. Mlango wa leseni umejengwa, ukabomolewa na kujengwa upya kwa zaidi ya miaka 100, na kila ulipojengwa upya wapo waliobaki nje wakibisha.

Karne moja iliyopita, nchi hii ya Ruiru na Juja ilikuwa ya kahawa na mkonge. Maporomoko ya mto Ruiru yalianza kuupa mji wa Nairobi umeme mwaka 1908, na reli ikafika Thika mwaka 1913. Kibarua wa shambani akiumia, wa kumwendea alikuwa dresa: kijana aliyefundishwa kufunga vidonda, kusafisha majeraha na kugawa dawa chache. Wengi wa vijana hao walitokea misheni za Waskoti, Thogoto na Tumutumu, na baadaye Chogoria iliyoanzishwa mwaka 1922.

Mtihani wao wa kwanza haukuwa wa karatasi. Kwa Wakikuyu wa wakati ule, kugusa maiti kulileta thahu, unajisi ambao haukutoka bila tambiko la kutakaswa. Mgonjwa aliyekaribia kufa alitolewa nje ya nyumba. Kijana aliyekubali kumwosha mtu anayekufa, akaufunga mwili wake kisha akarudi kula na jamaa zake, alikuwa amevuka mpaka mzito kuliko swali lolote la darasani. Wasichana walipoanza kufundishwa, wazazi waliuliza binti wa nani huyu atakayeshika miili ya wanaume asiowajua. Wapo walioacha wiki ya kwanza. Wapo waliorudi nyumbani, wakatakaswa, wakarudi tena hospitalini.

Uingereza, mtihani wa karatasi ulizaliwa katika mabishano makali. Florence Nightingale, ambaye jina lake hutajwa katika kila mahafali ya uuguzi, aliupinga. Aliamini kwamba moyo wa muuguzi na tabia yake havipimiki kwa maswali, na kwamba orodha ya serikali ingewaweka wazuri na wabaya kapu moja. Aliyesimama upande wa pili ni muuguzi Ethel Bedford Fenwick, aliyetaka umma ulindwe: mgonjwa ana haki ya kujua kuwa aliyeshika sindano amefundishwa na amepimwa. New Zealand ilitangulia kutunga sheria mwaka 1901. Fenwick na wenzake walipigania yao kwa miaka 30 hivi, miswada ikiangushwa mmoja baada ya mwingine, hadi Bunge la Uingereza lilipokubali mwaka 1919. Daftari la wauguzi lilipofunguliwa, jina lake liliandikwa namba moja. Mtihani wa muuguzi ni tunda la mwanamke aliyeshindwa mara nyingi.

Hoja ya Fenwick inaeleweka zaidi kando ya kitanda kuliko bungeni. Daktari ameandika mgonjwa apewe lita moja ya maji ya chumvi kwa saa nane. Mpira wa dripu hutoa matone 20 kwa kila mililita. Mililita 1,000 mara 20 ni matone 20,000. Saa nane ni dakika 480. Ukigawanya unapata matone 42 kwa dakika, ukikaribisha. Muuguzi anashika kidhibiti cha mpira, anatazama saa ya kifuani, anahesabu. Akikosea akapeleka mara mbili ya hapo kwa mzee mwenye moyo dhaifu, mapafu yanaweza kujaa maji kabla ya mapambazuko. Hesabu hii imo katika mitihani ya uuguzi kila pembe ya dunia, na inastahili kuwemo.

Kenya ilipata sheria ya kusajili wauguzi na wakunga mwaka 1949, chini ya ukoloni. Pamoja na usajili zikaja ngazi. Muuguzi wa cheti alisoma kozi fupi na akabeba uzito wote wa wodi na zahanati za mashambani. Muuguzi aliyesajiliwa kwa stashahada alikuwa juu yake kwa mshahara, kwa cheo na kwa sauti. Haikuchukua muda mrefu Wakenya wakafika kileleni: Eunice Muringo Kiereini, aliyekuwa Ofisa Mkuu wa Uuguzi nchini, alichaguliwa rais wa Baraza la Kimataifa la Wauguzi na kuliongoza kuanzia 1981 hadi 1985, Mwafrika wa kwanza kukalia kiti hicho.

Lakini chini ya kilele hicho maelfu walibaki kwenye ngazi ya cheti. Kufikia mwaka 2005 walihesabiwa kuwa 22,000 hivi. Shule za bweni zilikuwa na nafasi 100 hivi kwa mwaka za kuwapandisha daraja. Kwa mwendo huo kazi ingemalizika baada ya zaidi ya karne mbili, waliosubiri wakiwa wamekwishazikwa.

Mwaka huo Baraza la Wauguzi la Kenya, shirika la afya la AMREF na kampuni ya Accenture walianzisha masomo kwa njia ya kompyuta, ili muuguzi asome bila kuacha kazi wala watoto. Wengi walikuwa hawajawahi kushika kipanya. Mama mwenye miaka 20 ya wodi, aliyezalisha nusu ya kijiji, alianza kwa kujifunza kuwasha mashine, kisha akarudi kwenye fiziolojia aliyoiacha ujanani, kisha akaketi chumba kimoja cha mtihani na mabinti wa rika la wanawe. Waliofeli somo walilirudia, na asubuhi yake wakaripoti wodini kama kawaida. Ujuzi wa kazi walikuwa nao. Walichokikosa ni nafasi ya kuuonyesha kwa namna mtahini anayoitaka, na tofauti hiyo ndiyo inayofunua kisa cha mitihani iliyofuata.

Marekani ilikutana na tofauti hiyo mapema. Katika miaka ya 1970, wauguzi waliosomea nje walifika huko kwa wingi, na wengi mno wakaanguka mtihani wa leseni. Wakaishia kufanya kazi za chini ya elimu yao. Mwaka 1977 ikaundwa tume, CGFNS, ya kuwapima kabla ya kusafiri. Mtihani wenyewe wa leseni, uliokuja kuitwa NCLEX, ulifanywa kwa karatasi, siku mbili nzima, mara mbili kwa mwaka. Aliyeanguka alisubiri nusu mwaka. Aprili 1994 ukahamia kwenye kompyuta, na mashine ikaanza kumchagulia kila mtu maswali yake.

Inafanya hivi. Ukijibu sawa, swali linalofuata ni gumu zaidi. Ukikosea, linashuka. Mashine inatafuta mahali uwezo wako ulipo, na ikifikia uhakika wa asilimia 95 kwamba uko juu ya mstari au chini yake, inajizima. Tangu Aprili 2023 inaweza kuzimika kuanzia swali la 85, na mwisho wake ni 150. Ndiyo maana mtu anaweza kutoka chumbani asijue lolote. Mashine ilizimika kwenye 85 kwa sababu amefaulu wazi, au kwa sababu amefeli wazi? Kwa miaka mingi Mkenya aliyetaka kuupata mtihani huo alipaswa kwanza kupata nauli ya kwenda nje ya nchi. Ada ya usajili peke yake ni dola 200. Aliyefeli alipanda ndege ya kurudi na deni la chama cha akiba mkononi.

Aliyefeli hupewa karatasi. Karatasi hiyo haina alama. Inamwambia, eneo kwa eneo, kama yuko juu ya kiwango, karibu nacho au chini yake: dawa, usalama na maambukizi, afya ya akili, mpangilio wa huduma. Kisha anasubiri siku 45 kabla ya kuruhusiwa tena. Katika jimbo la Florida, anayeanguka mara tatu hana budi kurudi darasani kwa kozi ya marekebisho kwanza.

Kenya nzima iliujadili mtihani wa wauguzi Novemba 2021. Julai ya mwaka huo Nairobi na London zilikuwa zimetia saini mkataba wa kupeleka wauguzi Uingereza. Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, akatangaza kwamba kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza, waliofaulu ni 10. Gumzo likawaka kila kona. Hawa watu wamefundishwa kwa Kiingereza tangu shule ya msingi, wamefanya mitihani ya Baraza kwa Kiingereza, walianguka vipi?

Jibu limo ndani ya karatasi yenyewe. Mtihani wa Kiingereza wa IELTS, ule wa kitaaluma, humpa mtahiniwa dakika 20 aeleze grafu kwa maneno 150, labda ya matumizi ya maji katika nchi tatu, kisha dakika 40 aandike insha ya maneno 250 juu ya hoja ya jumla. Uingereza ilidai alama 7 katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika. Muuguzi wa wodi huandika siku nzima, lakini huandika kwa vifupisho: hali ya mgonjwa, mapigo, dawa, saa, saini. Kiingereza chake ni kizima. Hakijazoea kueleza grafu. Mtihani mwingine, OET, ambao Uingereza iliukubali mwaka 2017, humpa muuguzi maelezo ya mgonjwa na kumtaka aandike barua ya rufaa, kazi anayoijua. Na ile 6.5 ya kuandika ilikuwa 7 hadi Desemba 2018, iliposhushwa. Waliokosa nusu alama Novemba ya mwaka huo waliambiwa Kiingereza chao hakitoshi. Mwezi uliofuata, Kiingereza kilekile kingetosha.

Hilo ndilo ambalo kicheko cha 2021 kililikosa. Kipimo kinachosogezwa na kamati kinasema jambo fulani kuhusu mtahiniwa, na jambo fulani kuhusu kamati. Wale 290 hawakupoteza uuguzi wao siku matokeo yalipotangazwa. Waliendelea kuwa wauguzi, katika nchi iliyokuwa bado inapambana na korona. Juni 2022, kundi la kwanza la wauguzi 19 likaondoka kwenda Uingereza chini ya mkataba ule.

Wanaorudia na hatimaye kupita hawaongezi saa za kusoma tu, wanabadilisha namna. Huichukua ile karatasi ya matokeo na kuanzia pale palipoandikwa chini ya kiwango, hata kama ni somo wasilolipenda. Huacha kukariri majibu na kujiuliza swali linamtaka muuguzi afanye nini kwanza, kwa sababu NCLEX hupenda kutoa majibu manne yote sahihi na kuuliza lipi litangulie. Hapo mazoea ya hospitali yenye muuguzi mmoja kwa wagonjwa wengi yanaweza kumponza: amezoea kufanya lililowezekana, na mtihani unauliza lililo bora pale ambapo kila kifaa kipo. Huandika grafu moja kila jioni na kumpa mwenzake aisahihishe. Na humwambia mtu mmoja wa nyumbani ukweli kwamba wamefeli, kwa kuwa siri hiyo, ikifichwa kwa mama aliyeuza ng'ombe kulipa karo, huchosha kuliko kusoma.

Katika ploti moja ya Mugutha kalenda ya ukutani ina duara kwenye siku ya 45. Leo ni ya 31. Usiku, wodini, lita ya maji ya chumvi imetundikwa na mgonjwa amesinzia. Muuguzi anainamisha kichwa kwenye saa ya kifuani, anashika kidhibiti cha mpira na kuanza kuhesabu matone. Dakika inaisha kwenye 38. Anafungua kidogo, anasubiri mshale urudi juu, anahesabu upya mpaka ifike 42.