Kihenge na Ufunguo Wake: Akiba ya Chakula katika Nchi ya Bariadi

Wahenga walisema akiba haiozi. Methali hii yafaa kuhimiza uangalifu, lakini historia ya nchi ya Bariadi yaonyesha kuwa akiba huoza, huliwa na wadudu, huuzwa kabla ya wakati wake, na pengine huchukuliwa mbali na yule aliyeivuna. Kwa hiyo mtu atakaye kujua asili ya njaa asihesabu magunia ya mavuno peke yake. Na aulize pia nafaka ililala wapi, na ufunguo wa ghala ulikuwa mkononi mwa nani.

Bariadi ni makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, uliomegwa kutoka mikoa ya Shinyanga na Mwanza mwaka 2012. Mvua huanza karibu na Novemba na kukoma karibu na Mei. Mavuno ya miezi michache hayana budi kulisha nyumba mwaka mzima, na mwezi mgumu si ule wa jua kali, bali ule ambao mashamba yamekwisha kuwa ya kijani na vyakula vya mwaka jana vimekwisha. Ndiyo maana Wasukuma walijifunza kuweka kabla hawajajifunza kuuza.

Uwele na mtama viliwekwa katika vihenge vya fito vilivyokandikwa na kuezekwa kwa nyasi. Viazi vitamu, ambavyo havikai sana vikishachimbwa, vilikatwa na kuanikwa juani: vibichi vikaitwa michembe, na vilivyochemshwa kwanza vikaitwa matobolwa. Kazi hii ilikuwa ya wanawake zaidi, na ni fundi kamili yule ageuzaye chakula cha wiki mbili kikawa cha miezi mingi. Ng'ombe naye alikuwa akiba itembeayo, maana aliweza kubadilishwa kwa nafaka. Juu ya hayo, ntemi alipokea sehemu ya mavuno, naye alitazamiwa kufungua ghala lake wakati wa dhiki. Ntemi aliyekula peke yake watu wakilia njaa alipungukiwa na heshima.

Zama za ukoloni zilileta pamba. Serikali ya Waingereza ilihofu njaa, ikaamuru kwa sheria za watawala wa kienyeji kwamba kila nyumba ilime muhogo. Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, ulioanza mwaka 1947, uliongeza amri juu ya amri za ardhi na mifugo, na watu wengi wakazichukia. Lakini tazama majengo yenyewe. Barabara, mizani, maghala na vinu vya kuchambulia vilijengwa kwa ajili ya pamba. Hata wakulima walipoungana, na chama chao kikuu cha Victoria Federation of Co-operative Unions kikaundwa mwaka 1955 chini ya uongozi wa Paul Bomani, nguvu yao ilikuwa katika zao hilo hilo. Walipata haki ya mizani, nayo haikuwa haki ndogo. Walakini zao liendalo ng'ambo lilipata nyumba imara, na chakula cha mkulima kikabaki katika kihenge cha fito.

Baada ya Uhuru cheo cha utemi kilifutwa mwaka 1963, na ghala la ntemi likakoma. Ukame wa miaka ya 1973 hadi 1975 uliikuta nchi katika kuhamia vijijini, na Tanzania ikalazimika kuagiza nafaka nyingi kutoka nje. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na ununuzi wa nafaka ukashikwa na Shirika la Taifa la Usagishaji. Vyama viliruhusiwa tena kwa sheria ya mwaka 1982. Katika muda huo mkulima alizoea kuona gunia likiondoka kijijini, na alipohitaji chakula alingoja lori la mtu mwingine.

Adui mwingine alikuja kimya kimya. Mapema katika miaka ya 1980 dumuzi, mdudu aliyetoka Marekani ya Kati, alitambuliwa katika Mkoa wa Tabora, kisha akaenea. Yeye hupenda mahindi na muhogo mkavu: yaani zao lililochukua nafasi ya uwele na mtama, na zao lililoamriwa kuwa kinga ya njaa! Kihenge kilichotosha kwa uwele hakikutosha tena. Chakula kilikuwa kimebadilika, na nyumba yake haikubadilika.

Leo ziko njia mpya. Sheria ya stakabadhi za ghalani ilitungwa mwaka 2005; Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula ulianzishwa mwaka 2008; na mifuko isiyopitisha hewa huua dumuzi bila dawa. Hizi ni neema. Lakini hifadhi ya taifa huokoa watu njaa ikiisha kubisha hodi, na stakabadhi humfaa zaidi mwenye cha kuuza. Kati ya kihenge cha nyumba na ghala la taifa pana nafasi iliyokaliwa zamani na ghala la ntemi, ghala la jirani, nayo haijajazwa sawasawa.

Hatuombi watemi warudi. Twasema kwamba kijiji kilichoweza kujenga na kulinda ghala la pamba chaweza kujenga na kulinda ghala la mtama, na ufunguo wake wakapewa watu wanaoulizwa hesabu na majirani zao, wakiwamo wanawake waliotunza akiba ya nchi hii tangu kale. Hapo ndipo methali itakapokuwa kweli. Akiba haiozi pale tu mwenyewe alipo karibu nayo.