Chanel N° 5: marashi yaliyopitia mikono ya wakimbizi

Marashi ya Chanel N° 5 yanajulikana dunia nzima. Lakini wengi hawajui kwamba historia yake ni historia ya watu waliokimbia makwao.

Jina ni la Gabrielle Chanel, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1883. Mama yake alipofariki, alilelewa na masista, kisha akawa fundi mkubwa wa mavazi mjini Paris. Aliyemtengenezea marashi ni Ernest Beaux, mzaliwa wa Moscow aliyeondolewa Urusi na mapinduzi ya 1917. Beaux alimletea vichupa vyenye namba. Chanel akanusa, akachagua namba 5. Marashi yakatoka mwaka 1921, yenye yasmini, waridi na mlangilangi.

Mwaka 1924 ndugu wawili wenye kiwanda, Pierre na Paul Wertheimer, waliunda naye kampuni. Wao walichukua asilimia 70, mfanyabiashara Théophile Bader 20, Chanel 10. Miaka mingi Chanel alilalamika kwamba amepunjwa.

Mwaka 1940 jeshi la Ujerumani liliingia Paris. Ndugu Wertheimer walikuwa Wayahudi, wakakimbilia Marekani. Kampuni waliiacha kwa jina la Félix Amiot, mtengenezaji wa ndege ambaye hakuwa Myahudi. Mwaka 1941 Chanel aliwaandikia wakuu waliosimamia mali za Wayahudi, akidai kampuni yote iwe yake kwa kuwa wenyewe wamekimbia. Makaratasi yalionyesha kwamba mali ni ya Amiot. Chanel akashindwa.

Kule ukimbizini, ndugu hao hawakukaa bure: waliendelea kutengeneza na kuuza marashi yaleyale. Vita ilipoisha, Amiot aliwarudishia kampuni yao. Mwaka 1947 walipatana na Chanel, akapewa asilimia 2 ya mauzo ya marashi duniani. Alifariki mwaka 1971. Mpaka leo kampuni iko mikononi mwa ukoo wa Wertheimer.

Wayahudi wengi walirudi wakakuta wengine wamekaa ndani ya nyumba zao. Kampuni hii ilipona kwa sababu mbili: makaratasi yalitengenezwa mapema, na aliyeachiwa amana hakuigeuza kuwa yake. Aliyeacha shamba au nyumba nyuma anajua uzito wa jambo hilo. Kukimbia si kuuza. Na jirani anayetunza mali ya aliyekimbia anatunza pia njia yake ya kurudi.