Gitaa Halitiwi Doa

Katika orodha mpya ya istilahi za useremala iliyonifikia, rangi ile inayopenya ndani ya mbao, tofauti na ile inayokaa juu, imeitwa "doa la mbao". Waliokaa kikao wakalipitisha neno hilo bila shaka wana kamusi nzuri. Nina wasiwasi kama wana randa.

Doa ni kasoro. Kanzu huingia doa, jina la mtu hutiwa doa. Anayejitengenezea gitaa la umeme kwa mkangazi, akauranda na kuupiga msasa mpaka ukateleza, hatafuti kasoro. Anataka rangi iingie na michirizi ya mti izidi kuonekana.

Neno langu ni kikolezo, na nitalitetea hata kama barua zangu hazijibiwi. Mzizi wake ni kolea: chumvi hukolea mchuzini, usingizi hukolea machoni, rangi hukolea kitambaani. Mote humo kitu kimeingia ndani kikashika. Anayekifanya kishike hukoleza, na chombo cha kukolezea ni kikolezo, kama kizibo kinavyotokana na ziba. Hata kinyume chake tunacho: rangi isiyoshika huchujuka. Magitaa mengi ya Les Paul yaliyotengenezwa na Gibson kati ya 1958 na 1960 yalitiwa wekundu pembezoni. Mwanga ukauchujua, yakabaki na rangi ya asali. Jaribu kusema "doa limechujuka" mbele ya fundi uone atakavyokutazama.

Wapo wanaodai kikolezo ni mali ya jikoni. Basi na kiungo nacho kirudi jikoni, kiwaache wanasoka na matabibu! Msasa wenyewe ni mti ambao majani yake makavu, yenye kukwaruza, yalitumika kulainishia mbao. Karatasi ya dukani ikarithi jina bila kuitishwa kikao.

Mwenzetu mwingine, nimsitiri, amependekeza "umalizio" kwa tabaka la juu la kulinda mbao. Vanishi na laka zimeshazoeleka karakana zote. Huo umalizio unamalizia nini?

Matumizi, kwa ufupi: piga msasa namba 220 kufuata nyuzi za mbao, pangusa kwa kitambaa chenye unyevu, mbao zikikauka piga tena kidogo, paka kikolezo kwa kitambaa, acha kikauke, kisha vanishi matabaka membamba. Jaribu kwanza kwenye kipande kilichobaki.

Na uiondoe gundi yote iliyovuja kwenye maungio. Gundi huziba vinyweleo vya mbao. Kikolezo kikipita hapo hakishiki, pakabaki baka jeupe katikati ya wekundu. Baka hilo ndilo fundi huliita doa. Wanakamati wakipenda kulihifadhi neno lao, kazi yake ni hiyo.