Mapengo ya Albamu: Kadi za Kale za Mpira wa Kikapu Marekani

Kadi namba 1 katika seti ya kadi za mpira wa kikapu ya kampuni ya Topps, msimu wa 1957–58, ni ya Nat Clifton, mtu mweusi aliyekulia Chicago. Miaka saba kabla ya hapo, yeye pamoja na Earl Lloyd na Chuck Cooper walivunja ukuta wa rangi katika ligi ya NBA. Lloyd naye yumo katika seti hiyo. Cooper hayumo. Alicheza kuanzia 1950 hadi 1956, na katika miaka hiyo yote hakuna kampuni kubwa ya chingamu, bidhaa ambayo kadi ziliuzwa pamoja nayo, iliyochapa seti ya kadi za mchezo huu. Aliingia ligini baada ya seti moja kwisha, akatoka kabla ya nyingine kuanza. Alikuja kuingizwa katika Jumba la Umaarufu la mpira wa kikapu mwaka 2019, lakini mkusanyaji anayepanga albamu yake kwa miaka hana cha kuweka mahali pake.

Kwangu mimi, historia ya kadi hizi imo zaidi katika mapengo kama hilo kuliko katika bei zinazotangazwa minadani. Hata bei zenyewe chanzo chake ni mapengo hayohayo.

Seti ya kwanza iliyouzwa kote Marekani ni ya kampuni ya Bowman ya Philadelphia, mwaka 1948. Ilikuwa na kadi 72, ndogo, zenye rangi zilizokolea, na baadhi hazikuwa na sura ya mchezaji yeyote bali michoro ya mbinu za uwanjani. Ligi yenyewe, iliyoitwa BAA wakati huo, ilikuwa na umri wa miaka miwili tu na haikuwa na mchezaji mweusi hata mmoja. Nyota wake alikuwa George Mikan, jitu la miwani la Minneapolis Lakers, kadi namba 69. Mtoto wa wakati huo hakununua kadi. Alinunua chingamu, na kadi ilikuwa bakshishi ya kumrudisha dukani kesho yake. Lakini watoto wa Marekani walikuwa na wazimu wa besiboli. Bowman ikaachana na mpira wa kikapu baada ya seti hiyo moja, na mwaka 1956 kampuni yenyewe ikanunuliwa na Topps ya Brooklyn.

Topps ilijaribu mwaka uliofuata. Seti ya kadi 80 ilitoka mara tu baada ya Bill Russell kuipa Boston Celtics ubingwa katika msimu wake wa kwanza. Kadi za namna hii huchapwa kwenye karatasi kubwa kisha hukatwa. Katika seti hiyo kadi nyingine zilijirudia mara mbili kwenye karatasi moja, nyingine zikapata nafasi moja tu. Kadi ya Russell, namba 77, ni ya kundi hili la pili. Mkataji akikosea kidogo, picha huegemea upande mmoja. Ndiyo maana nakala yake iliyokaa sawasawa katikati ni adimu, hata kati ya zile ambazo hazijawahi kuguswa na kidole kichafu. Topps nayo ilifunga virago baada ya msimu mmoja.

Mwaka 1961 ikaja zamu ya Fleer, kampuni nyingine ya chingamu ya Philadelphia. Kadi zilikuwa 66 tu, ila ukitazama majina unashangaa: Wilt Chamberlain, Oscar Robertson, Jerry West na Elgin Baylor, wote katika seti moja, wote kwa mara ya kwanza. Tarehe 2 Machi 1962, katika mji wa Hershey, Pennsylvania, Chamberlain alifunga pointi 100 katika mchezo mmoja dhidi ya New York Knicks, rekodi ambayo hadi leo haijafikiwa. Alifanya hivyo katika msimu uleule ambao sura yake ilikuwa ikiuzwa dukani pamoja na chingamu. Hata hilo halikutosha. Fleer haikutoa seti nyingine kubwa ya wachezaji wa NBA kwa miaka 25.

Hapa ndipo msomaji anapoelewa jinsi uadimu wa vitu hivi ulivyozaliwa. Hakuna aliyeupanga. Kampuni zilichapa kidogo kwa sababu wanunuzi walikuwa wachache, watoto wakazifunga kadi kwa mipira ya kufungia, wakazibana kwenye spoku za baiskeli zipige kelele, na wazazi wakazitupa siku ya kusafisha nyumba. Kilichobaki ni kile kilichosahauliwa kwenye sanduku kwa bahati.

Topps ilirejea mwaka 1969, safari hii na kadi ndefu kuliko za kawaida, kana kwamba karatasi yenyewe imejinyoosha ifanane na wachezaji. Urefu huo umewasumbua wakusanyaji hadi leo, maana kadi hazienei katika mifuko ya albamu za kawaida na pembe zake huumia upesi. Kadi namba 25 imeandikwa Lew Alcindor. Mwaka 1971 kijana huyo alitangaza hadharani jina lake la Kiislamu, Kareem Abdul-Jabbar, nayo Topps ikaendelea kumwita Alcindor mpaka seti ya 1972–73. Ukizipanga kadi zake kwa mfululizo unaiona siku karatasi ilipokubali jina alilolichagua mwenyewe. Sijui hati nyingine ya bei nafuu inayoonyesha jambo hilo wazi kiasi hicho.

Msimu wa 1980–81 Topps ilichapa kadi zenye wachezaji watatu kila moja, na matundu ya kuchania katikati. Katika moja ya hizo, Larry Bird na Magic Johnson, wote wageni ligini, wamemweka kati mkongwe Julius Erving. Watoto walichana, kama walivyoalikwa kufanya. Leo kadi nzima ndiyo inayotafutwa.

Baada ya 1981–82 Topps ilijitoa tena. Kwa misimu minne kadi za ligi hazikupatikana kwenye paketi madukani. Kampuni ndogo iitwayo Star iliziuza kwa mifuko ya timu kupitia wafanyabiashara wa kadi, na humo ndimo ilimotoka kadi ya Michael Jordan ya 1984–85. Fleer iliporudi mwaka 1986 na seti ya kadi 132, ilikuwa na kazi ya kulipa deni la miaka mingi: Jordan namba 57, Charles Barkley, Karl Malone, Patrick Ewing, Isiah Thomas, na kijana wa Lagos ambaye jina lake bado liliandikwa Akeem Olajuwon. Haikupiganiwa, na maduka mengine yalipunguza bei ili masanduku yaondoke.

Kisha mambo yakageuka. Habari zilipoenea kwamba kadi za kale zina thamani, kampuni ziliongezeka na mitambo ikachapa usiku na mchana. Kadi za karibu mwaka 1990 ni nyingi mno, na kwa kuwa kila mtu alizitunza kwa makini akingoja utajiri, hazina bei ya maana. Walioweka akiba ya makatoni kwa ajili ya karo za watoto wao walipoteza fedha na nafasi ya stoo.

Mwaka 1991 ilianzishwa PSA, kampuni inayokagua kadi, kuipa alama kuanzia 1 hadi 10 na kuifunga ndani ya plastiki ngumu. Huangaliwa pembe, kingo, uso na jinsi picha ilivyokaa katikati. Utaratibu huo ulileta imani sokoni, ingawa si imani ya kufumba macho. Kadi ya kwanza kabisa kupewa alama na kampuni hiyo ilikuwa ya mchezaji wa besiboli Honus Wagner, na mwaka 2013 muuzaji wake wa zamani, Bill Mastro, alikiri mahakamani kwamba aliikata kingo ili ionekane nadhifu. Jordan wa 1986 naye hughushiwa sana. Wanaojua kazi hii huchukua kioo cha kukuzia na kutazama maandishi. Yakiwa yameundwa na vidoa vya rangi badala ya wino mzito mweusi, mara nyingi hiyo ni nakala ya nakala.

Mwaka 2020 watu walifungiwa majumbani kwa sababu ya janga la korona, filamu ya matukio ya kweli kuhusu Jordan ikaonyeshwa, na fedha nyingi zikaingia sokoni. Januari 2021 kadi mbili za Jordan zenye alama 10 ziliuzwa kwa dola 738,000 kila moja. Machi, PSA ililazimika kusimamisha kupokea kadi nyingi kwa jinsi ilivyolemewa. Mwaka uliofuata kadi ileile ilipatikana kwa chini ya dola 200,000. Zipo zaidi ya 300 za alama hiyo, kwa hiyo aliyelipa bei ya kilele alinunua shauku ya wakati ule, wala si uadimu. Mikan na Russell walio safi ni wachache mno, na hakuna mtambo utakaowaongeza. Kama ningekuwa na fedha za kuweka, ningezipeleka huko, na ningenunua kadi ninayoweza kuishi nayo hata bei ikilala miaka kumi.

Ipo kadi nyingine ninayoitafuta kwa sababu isiyohusu bei. Mwaka 2009 Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, mwenye urefu wa futi 7 na inchi 3, alichaguliwa wa pili katika usajili wa wachezaji wapya, Mtanzania wa kwanza kufika NBA. James Harden alichaguliwa wa tatu, Stephen Curry wa saba. Kadi zao za mwaka wa kwanza zilitoka pamoja, na zile za Curry leo hufungwa kwenye plastiki na kuwekewa bima. Za Thabeet hupatikana kwa dola chache, mara nyingi zikiwa bado ndani ya makasha ya kadi zisizochaguliwa, zikiuzwa kwa fungu.