Mpira na vijana wa Mathare

Ninyi jamaa mliokimbia vita na ninyi viongozi wa mitaa, leo tuangalie historia ya jirani zetu wa Kenya.

Mathare ni mtaa wa mabanda mjini Nairobi. Mwaka 1987 vijana wake walianzishiwa chama cha michezo, MYSA. Kanuni yake ilikuwa hii: ekipi ikisafisha mitaro na kuondoa takataka, inaongezewa pointi katika mashindano. Hivyo wazazi waliona kwamba vijana waliodharauliwa ndio wanaotunza mtaa. Mwaka 1992 wasichana nao waliingia uwanjani. Mwaka 2008 Mathare United, ekipi iliyozaliwa humo, ilikuwa bingwa wa Kenya.

Basi tukumbuke: mpira peke yake haupatanishi watu. Mkiweka ekipi ya wenyeji huku na ya waliohama kule, mtazidisha utengano. Changanyeni vijana katika ekipi moja, wapeni kazi moja ya mtaa, muwasikilize katika mikutano yenu. Kijana anayehesabiwa na watu wake, ni vigumu kumvuta aende msituni kushika bunduki.