Boa, Chotara na Mahuluti: Historia ya Jina Lililokataa Kutulia

Miongoni mwa kazi zilizoletwa mezani petu ili zisanifiwe istilahi ilikuwamo tafsiri ya mwongozo wa kufuga nyoka nyumbani. Mfasiri alikuwa ameandika: "chatu chotara wa jamii mbili". Ni maneno matano tu, lakini yalitushughulisha kuliko kurasa zote zilizosalia, na ilitubidi kuifuata historia ya nyoka mwenyewe kabla ya kulihukumu hata moja kati yake.

Tuanze na chatu. Mswahili anapotaja chatu humkusudia nyoka mkubwa wa Afrika atagaye mayai na kuyazungukia mpaka yaanguliwe. Nyoka wa kitabu kile ni boa wa Amerika, ambaye hatagi bali huzaa watoto walio hai. Wote wawili huua kwa kubana, na bila shaka hapo ndipo mfasiri alipoteleza. Lakini ni wa familia mbili mbalimbali. Kwa hiyo tuliliacha neno "boa" libaki kama lilivyo, kwani halina sauti inayomshinda msemaji wa Kiswahili, nalo likapewa upatanisho wa viumbe: boa huyu, boa hawa.

Jina lenyewe limetembea sana. Katika karne ya kwanza, Pliny wa Roma aliwataja nyoka wa Italia walioitwa hivyo kwa sababu ilidhaniwa kuwa hunyonya maziwa ya ng'ombe. Ni hekaya tupu. Nyoka hana midomo ya kunyonyea. Hata hivyo, mwaka 1758 Linnaeus aliliokota neno hilo la Italia akamvika nyoka wa ng'ambo ya bahari, akamwita Boa constrictor. Tangu hapo jina likaanza kugawanyika. Mwaka 1803 Daudin alieleza Boa imperator, na mwaka 1873 Philippi akaeleza boa wa Argentina, occidentalis, mwenye rangi nyeusi iliyokolea. Mwaka 1932 Olive Stull alichapisha makala fupi yenye nususpishi tano mpya. Mmoja wao ni amarali wa Amerika Kusini, aliyepewa jina kwa heshima ya mtaalamu wa nyoka wa Brazili, Afrânio do Amaral. Mwingine ni wa kwetu: loveridgei, boa mdogo wa mchangani wa Afrika ya Mashariki, aliyepewa jina la Arthur Loveridge, aliyefanya kazi Tanganyika kabla ya kuhamia Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1924. Yaani katika makala moja Brazili na Afrika ya Mashariki zilikutana.

Lililo muhimu kwa mwanaistilahi ni kwamba neno la tatu katika majina hayo halikuwa pambo. Lilikuwa kama anwani: lilieleza nyoka alitoka bonde gani au kisiwa gani. Nususpishi za spishi moja huweza kuzaana. Kinachozitenga ni mlima, bahari au umbali. Mfugaji anapowaweka boa wa pande mbili katika sanduku moja, huwa ameuondoa mlima huo kwa siku moja.

Mfano ulio wazi ni wa Cayos Cochinos, visiwa vidogo vya Honduras. Boa wa huko ni wadogo kwa umbo na rangi yao ni hafifu, na kwa ajili hiyo walipendwa mno. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 walikamatwa kwa wingi na kuuzwa ng'ambo, hata wakawa haba visiwani. Eneo hilo liliwekewa hifadhi mwaka 1993, na boa wameongezeka tena. Lakini wale waliokwisha kuchukuliwa waliendelea kuzalishwa katika nyumba za wafugaji, na baadhi yao walichanganywa na boa wa bara. Wengine walitaka umbo dogo lenye rangi mpya, hasa ile ya ualbino ambayo huondoa weusi mwilini. Sifa hiyo hujificha: mwenye ualbino akipandishwa na asiyekuwa nao kabisa, watoto wote huonekana wa kawaida, nayo huibuka kwa wajukuu wakizalishwa wao kwa wao. Basi mtoto wa kizazi cha kwanza huweza kuuzwa kwa jina la kisiwa ambacho nusu ya damu yake haikukijua, na mnunuzi asione dalili yoyote kwa macho. Hapo karatasi inayoandamana na nyoka ndiyo shahidi pekee, na karatasi ni maneno.

Tulipofika kwenye neno "chotara" tulidhani shauri ni jepesi. Wakulima wetu huita ng'ombe chotara yule aliyetokana na ng'ombe wa kienyeji na wa kigeni, na husema pia mbegu chotara za mahindi. Tukakusudia "chotara" liwe la mchanganyiko ulio ndani ya spishi moja, na "mahuluti" liwe la spishi mbili, kama baghala azaliwaye na punda na farasi. Mgawanyo ulipendeza sana karatasini.

Boa wakauvunja. Uchunguzi wa chembe za urithi uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kuwa boa wa Amerika ya Kati wametengana mbali na wale wa Kusini, na kufikia mwaka 2014 wataalamu walikuwa wakimhesabu imperator kuwa spishi kamili. Mwaka 2016 boa wa magharibi ya Meksiko, sigma, naye akapandishwa cheo. Boa anayetunzwa vyema huweza kuishi zaidi ya miaka ishirini. Kwa hiyo yuko nyoka aliyezaliwa chotara na sasa ni mahuluti, bila ya yeye kubadilika hata gamba moja!

Wala si mchezo wa maneno. Katika mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, boa wote wamo katika Orodha ya Pili, isipokuwa wachache, akiwamo occidentalis, waliowekwa katika Orodha ya Kwanza iliyo kali zaidi. Azimio lililopitishwa Harare mwaka 1997 linawahusisha pia wanyama waliochanganywa: mwenye mzazi wa karibu aliyemo katika orodha huhesabiwa kana kwamba yumo, na orodha zikiwa mbili hufuatwa iliyo kali. Mfasiri akiandika "boa" bila kutaja mzazi wa Argentina, amemvusha nyoka mpakani kwa sheria isiyo yake.

Kwa sababu hizo tuliuacha mgawanyo wetu. Tunapendekeza "chotara" litumike kwa mchanganyiko wowote wa wanyama, likifuatwa na ngazi yake: chotara wa spishi, chotara wa nususpishi. "Mahuluti" tunawaachia wenzetu wa isimu, ambao wanalihitaji kwa lugha. "Jamii" tumelikataa, kwa kuwa wengine hulitumia kwa familia na wengine kwa spishi. Aidha, majina ya wazazi yaandikwe, jike kwanza, pamoja na mahali walipotoka. Yale maneno matano sasa yanasomeka hivi: "boa chotara wa nususpishi, jike constrictor wa Suriname, dume occidentalis wa Argentina". Mfasiri amelalamika kwamba sentensi haienei tena chini ya picha, na hatujapata njia ya kuifupisha.