Wimbi Lililojificha Ndani ya Kromiamu

Kromiamu hainasi kwenye sumaku kama chuma. Tangu Louis-Nicolas Vauquelin aitenge mjini Paris mwishoni mwa karne ya 18, sifa zake zilikuwa mng'ao na kutoshika kutu. Habari za usumaku hazikutajwa. Mfaransa mwingine, Louis Néel, ndiye aliyeushuku usumaku huo katika miaka ya 1930. Aliwaza kwamba atomu za metali zaweza kuwa na usumaku, kila moja na wake, ila zimejipanga kwa kupingana: hii ikielekea juu, jirani yake chini, na kwa nje kusionekane kitu.

Dhana hiyo ilisubiri vinu vya nyuklia, vinavyotoa nyutroni. Nyutroni haina chaji, lakini ina usumaku wake, kwa hiyo hupenya metali na kutawanyika kulingana na mpangilio uliomo. Mwaka 1953, Clifford Shull na Michael Wilkinson wa maabara ya Oak Ridge, Marekani, walionyesha kwamba Néel alikuwa amekisia sawasawa.

Walitumia unga wa kromiamu. Mwaka 1959 watafiti wa maabara ya Brookhaven, pia Marekani, walipotumia fuwele moja nzima, alama ya nyutroni iliyotarajiwa kuwa moja ilitokea imegawanyika. Walidhani mpangilio hupinduka ghafla kila baada ya safu kadhaa za atomu. Dhana ya busara, lakini haikuwa sahihi.

Mwaka uliofuata Albert Overhauser na Anthony Arrott, waliokuwa katika maabara ya kampuni ya magari ya Ford, walitoa wazo ambalo kwangu ndilo la kijasiri kuliko yote: hakuna kupinduka ghafla, ni wimbi. Usumaku wa elektroni hukua, hufifia hadi sifuri, kisha hugeukia upande wa pili, ukijirudia kila nanomita 6 hadi 8, urefu usiolingana na hatua za atomu zenyewe. Kwenye nyuzi 38 za Selsiasi, joto la mtu mwenye homa, wimbi hutoweka.

Kwa nini kromiamu? Mwaka 1962 Mwingereza W. M. Lomer alieleza kwamba elektroni zake zimegawanyika katika makundi mawili yenye maumbo yanayokaribia kufanana, na tofauti ndogo ya ukubwa wao ndiyo inayopanga urefu wa wimbi. Majaribio yakamuunga mkono: manganizi kidogo, inayoongeza elektroni, hulifanya wimbi lioane na hatua za atomu, ilhali asilimia chache za vanadiamu, inayozipunguza, hulifuta.